Mikono ya Wabwile

Kimeli alipigwa kwa ajili ya firigisi. Ukiambiwa hivyo utacheka, na hata pale kwenye yadi ya mbao mjini Kitale watu walianza kwa kucheka, mpaka walipoyaona meno ya mwenzao kwenye vumbi la mbao.

Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Msumeno mkubwa ulikuwa umezimwa na vijana wameketi juu ya magogo, sufuria ya kuku katikati yao, kila mmoja akichovya ugali wake. Kimeli alikuwa mcheshi, mtu ambaye mdomo haumtulii hata akiwa anatafuna. Akaisaka firigisi ndani ya mchuzi, akaipata, akampelekea Wabwile kwa mikono miwili kama anayemhudumia mkwe.

"Shika, mzee wa boma," akasema. "Hii ni yako. Sisi watoto hatuwezi kuguza."

Kwao Wabwile, firigisi ni ya mwenye nyumba na hailiwi na mtu mwingine. Kimeli alikuwa anatania, tena kwa heshima, kwa maana Wabwile ndiye aliyekuwa mkubwa wao pale msumenoni. Wenzao wakaangua kicheko. Wabwile aliweka tonge lake chini polepole, akanyoosha mkono nyuma, akashika kipande cha mbao, na kabla kicheko hakijaisha alikuwa amekishusha kwenye shavu la Kimeli. Kimeli akalala kifudifudi. Wabwile akampanda mgongoni, akampiga begani, akampiga kiunoni, akampiga kwenye mikono aliyokuwa akijikinga nayo, na kila pigo likitoa ile sauti nzito ya gunia linaloangushwa sakafuni. Ilibidi wamvute kwa miguu na kumkaba shingo ndipo atoke juu ya mwenzake.

Gurpreet, mwenye yadi, akatoka ofisini mbio, kilemba kimekaa upande. Akamtazama Kimeli, akamtazama Wabwile.

"Amekufanyia nini huyu? Amekuibia? Amekutukana?"

"Ameniita mzee."

"Hata mimi naitwa mzee, Wabwile. Kutwa nzima."

Gurpreet akasaidiana na vijana kumpakia Kimeli kwenye pikapu, akamfunga shavu kwa kitambaa chake mwenyewe, kisha akageuka. "Sijawahi kuwa na mfanyakazi kama wewe. Na nikirudi kutoka hospitali nikupate hapa, nitakupeleka polisi kwa mkono wangu." Akawasha gari.

Basi Wabwile akaenda nyumbani kwake Matisi, shati lina damu, mchana kweupe, watu wakimpisha njia. Hakuwa na majuto bado. Alikuwa na ule wepesi unaomjia baada ya kupiga, kama mtu aliyetua mzigo kichwani, na aliuchukia wepesi huo kuliko kitu chochote duniani.

Mkewe Edinah alikuwa uani akianika nguo za mtoto wao, Joy. Aliiona damu kabla ya kuuona uso.

"Hiyo ni damu ya nani?"

"Ya Kimeli."

"Kimeli yule alituletea maziwa Joy akiwa mgonjwa?" Edinah akaiweka chini nguo aliyoishika. "Alikukosea nini?"

Lilikuwa swali lile lile la Gurpreet, sasa kwa sauti ya upole. Wabwile akamvuta ndani, akafunga mlango kwa kisigino. Alimpiga ngumi ya mbavu, akampiga ya pili palepale, na Edinah alipojikunja akampiga teke la paja. Akamshika nguo kifuani, akambamiza ukutani mpaka kalenda ikaanguka. Edinah hakupiga kelele. Alikuwa na mazoea hayo, kujizuia ili mtoto aliyelala chumba cha pili asiamke, na mazoea mabaya kama hayo mtu hayapati kwa siku moja.

Hasira ilipomtoka, Wabwile akakaa sakafuni akashika kichwa. Akasema yale aliyoyasema kila mara.

"Si mimi, Edinah. Unajua si mimi. Ni yule mzee. Ni hili jina."

Edinah alikuwa ameketi mkabala naye, amejishika ubavu, anavuta pumzi kidogo kidogo.

"Kila siku ni yule mzee," akasema. "Sawa. Lakini mimi sikuolewa na yeye. Niliolewa na wewe. Sasa nenda umpeleke kwao Bokoli, umwache huko, harafu ukuje unitafute. Ukikuja na yeye, usinitafute."

Jioni haijafika alikuwa amemfunga Joy mgongoni, ameshika begi moja, ameondoka kwenda kwao Naitiri. Wabwile alimwona akipita langoni na hakuthubutu kumgusa. Mke na mtoto ndivyo vitu pekee alivyokuwa navyo ambavyo hakuna marehemu aliyemwachia, na sasa vimekwenda. Hata binti yake alimwita Joy makusudi, jina ambalo hakuna mfu wa ukoo wao aliyewahi kulivaa.

Maana jina lake yeye alipewa na kilio. Kwa Wabukusu mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee hukaa naye wakamtajia majina ya marehemu wa ukoo moja baada ya jingine, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake. Yeye alilia siku nzima. Walipofika kwa Wabwile, jina la babu yake aliyekuwa amezikwa mwaka uliotangulia, akanyamaza. Pengine alikuwa amechoka tu, nani aliyemuuliza? Watu wakashangilia. Nyanya yake, Kukhu Nasambu, mjane wa huyo Wabwile, akampakata, akamkazia macho kwa muda, akasema, "Amerudi." Kila mtu alidhani ni furaha.

Marehemu Wabwile alikuwa mtu wa watu. Alisimamia michango ya kanisa, aliamua kesi za mipaka ya mashamba, akicheka kijiji kinacheka. Nyumbani kwake alimpiga Nasambu tangu wiki ya harusi mpaka mwaka wa kifo chake, kwa mkono, kwa mkanda, kwa mguu wa kiti. Bokoli nzima ilijua, na Bokoli nzima ilimlilia kwa heshima zote. Alikufa usingizini, ameshiba, bila Nasambu kumrudishia hata kofi moja.

Wabwile mdogo alikuwa hajaanza shule mama yake alipomleta kwa Kukhu na kwenda Nairobi kutafuta kazi. Baba alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana Krismasi, na baadaye hakuonekana kabisa. Mbele ya watu Kukhu alimtendea mtoto yule kama mfalme. Alimkalisha kwenye kiti cha babu yake, akampa firigisi kila kuku alipochinjwa, akamwita musakhulu wange, mzee wangu. Hilo ni jambo la kawaida. Nyanya gani asiyemtania mjukuu kwa kumwita mume? Wageni walicheka mpaka wakafuta machozi. Na kwa kuwa mwanamke wa heshima hataji jina la mumewe, Kukhu hakuwahi hata siku moja kumwita mtoto huyo Wabwile.

Wageni wakiondoka, alifunga mlango na kuchukua mwiko.

"Hii ni ya ile siku ya mazishi ya mama yangu," angesema, na kumpiga mgongoni. "Hii ni ya ile mimba ilitoka." Mtoto hakujua mimba ni kitu gani. "Hii ni ya meno yangu. Fungua mdomo uone pengo. Umeona? Ni nani alifanya hivi?"

"Ni mimi, Kukhu."

"Mimi si Kukhu wako. Sema hutarudia."

"Sitarudia."

Kesho kulikuwa na kosa lingine, kwa maana Kukhu alikuwa na maisha mazima ya ndoa ya kudai hesabu yake. Mtoto aliomba msamaha kwa mambo yaliyotendeka kabla hata baba yake hajazaliwa. Aliuomba kwa moyo, akilia, akimwita mama yake aliyeko Nairobi, na pole pole akaanza kuamini. Kama watu wazima wote wanasema yeye ni yule mzee, basi ndani yake yumo. Alijifunza kumwachia mzee huyo mwili wakati wa kipigo, yeye mwenyewe akajiondokea, akajificha mahali fulani nyuma ya macho. Hapo maumivu yalipungua. Alipokuwa kijana akatoroka kwenda Kitale, akalala kwenye vumbi la mbao, akakua, mikono ikawa minene kama ya babu yake, na mzee akaendelea kuja. Tofauti ni kwamba sasa alikuja kupiga.

Siku chache baada ya Edinah kuondoka, simu ikalia. Ilikuwa senge Nabalayo, dada wa baba yake.

"Kukhu wako anaondoka," akasema. "Lakini haondoki. Amelala kitandani anatetemeka, hakuli, anasema ati huko anakoenda mzee anamngojea na mkanda. Wazee wamesema ni wewe tu. Wewe ndiye uko na jina. Ukuje useme mbele yake, mimi Wabwile nimekuachilia, kuja kwa amani. Harafu ataenda vizuri."

"Nitakuja," akasema Wabwile.

Hakwenda kumwachilia. Tuseme mambo yalivyo: alikwenda kumuua. Njia nzima kupitia Kiminini na Kamukuywa alifikiria mkono wake mmoja kwenye shingo ya ajuza, kazi ya muda mfupi tu, na hakuna daktari wa kumpasua mwanamke wa umri ule kutafuta sababu. Nimuue aliyemtia mzee ndani yangu, aliwaza, na mzee atakufa naye. Kisha nitakwenda Naitiri nikiwa mtupu, nimwambie Edinah, nimemwacha kule ulikosema. Alilishikilia wazo hilo kama mtu aliyepata dawa.

Boma la Bokoli lilikuwa limejaa. Akina mama wa kanisa walikuwa chini ya paa la jikoni wakiimba kwa sauti ya chini, wanaume wameketi kwenye viti vya plastiki. Alipoingia, wote wakasimama. Wazee walioijua sura ya marehemu walitazamana, na mmoja akavua kofia.

Senge Nabalayo akamshika mkono mpaka mlangoni. "Ukisema, sema kwa nguvu sisi tusikie," akamwambia, akamsukuma ndani, akaurudisha mlango.

Kukhu Nasambu alikuwa amebaki kidogo sana. Blanketi lilionekana kama halina mtu. Lakini aliposikia zile hatua, mwili huo uliokuwa haukubali hata kunywa uji ukaruka, ukajibana kwenye ukuta, na mikono miwili ikapanda kufunika kichwa.

"Musakhulu, sijachoma ugali," akasema. "Kuonja tu, utaona. Sijachoma."

Wabwile akapiga goti kitandani. Akaiondoa ile mikono kichwani kwa mkono wake mmoja, ilikuwa mikavu na myepesi kama maganda ya mahindi, na kwa mkono wa pili akamshika koo. Koo lote liliingia kiganjani. Akakaza. Macho ya Kukhu yakamtoka, miguu ikaanza kuchapa blanketi. Wimbo uliendelea nje. Wabwile akaona sasa yuko mlangoni mwa kile alichokijia, bado kukaza mara moja tu, na akasikia sauti inatoka katika lile koo, akalegeza kidogo kwa sababu alitaka amsikie akimwomba msamaha. Alitaka hilo kabla.

"Unanipiga ya nini tena," Kukhu akakoroma. "Nilikuwa nimemaliza na wewe. Nilimpiga yule mtoto."

"Mtoto gani?"

"Yule walimpatia jina lako." Akavuta pumzi, akakohoa. "Nilijua si wewe. Usifikirie nilikuwa mjinga. Watu walisema umerudi, na mimi nikasema umerudi, lakini nilijua siku ya kwanza. Wewe hukuwahi kulia. Hiyo mtoto ililia usiku mzima ikiita mama yake. Mikono yake ilikuwa midogo, haingeweza kunivunja hata kidole. Nilijua ni mtoto tu."

"Basi ulimpiga kwa nini?"

"Si wewe ulikuwa umekufa?" akasema Kukhu, kwa sauti ya mtu anayeshangaa kuulizwa. "Ningempiga nani?"

Mkono wa Wabwile ukatoka kooni. Asikudanganye mtu kwamba aliona huruma. Alikaa pembeni mwa kitanda. Kukhu alijua. Muda wote ule, na kila mwiko ulioshuka, mwanamke huyu alijua kwamba anampiga mtoto, na kwamba hakuna mzee yeyote aliyekuwamo. Kilichokuwamo ni mtoto wa umri wa chekechea anayemlilia mama. Furaha ilimjia, furaha kali inayochoma, akataka kucheka kwa sauti: mimi ni mimi, sikuwahi kuwa mtu mwingine, makosa yale yote hayakuwa yangu.

Kisha wazo la pili likafuata nyuma ya la kwanza, na hilo ndilo lililomkata. Kama hakukuwa na mzee, ni nani aliyempiga Edinah?

Alitafuta mahali pa kujificha nyuma ya macho, pale pa zamani, hapakuwa na mahali. Akamwona Edinah akijikunja. Mbavu, paja, mgongo. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumpiga usoni, hata akiwa amepandwa na hasira kiasi gani. Mzee aliyekufa Bokoli angejuaje kwamba Jumapili Edinah huenda kanisani, na kwamba majirani wa Matisi wana macho? Aliyelijua hilo ni mtu mwenye akili zake timamu, aliyefunga mlango kwanza ndipo akapiga.

"Kukhu," akasema. "Nitazame. Mimi si mume wako. Mimi ndiye yule mtoto."

Kukhu akamtazama. Woga ukamtoka usoni taratibu, na kilichokuja mahali pake kilikuwa kibaya zaidi, kwa maana alimtambua. Midomo ikatikisika. Ikajaribu kutengeneza neno, ikashindwa, na akageuza uso akautia ukutani. Wabwile alingoja. Alingoja kama mtoto, kwa tamaa ile ile aliyoidhani imekufa. Mgongo ule mdogo haukugeuka, na hatimaye akasimama.

Nje, wimbo ulikatika. Senge Nabalayo alikuwa mlangoni.

"Hatujasikia. Umesema?"

"Sijasema."

"Sema basi. Ni maneno kidogo tu, mtoto wa ndugu yangu."

"Hayo maneno si yangu. Mwenye kumwachilia alikufa. Mimi nilikuwa mtoto hapa, senge, na wewe ulikuwa unakuja kutembea, unakula kuku, unacheka. Uliniona mgongo."

Senge akampiga kofi mbele ya watu wote. Kijana mmoja wa ukoo akaruka akamkamata shati, mwingine akamsukuma, akaangukia viti vya plastiki, mzee mmoja akampiga bakora ya bega akimwita mlaaniwa. Aliinuka akaenda zake hali wakimrushia madongo mpaka njiani. Kukhu Nasambu alikufa baadaye kidogo, bila kuachiliwa na mtu, na watu wa Bokoli wangali wanabishana kama alikwenda vizuri au vibaya, kana kwamba kuna aliyemfuata akaona.

Wabwile alifika Naitiri siku iliyofuata, mchana. Shemeji zake wawili, Khisa na mdogo wake, walikuwa uani wakipura maharagwe kwa fimbo kwenye turubai, na Edinah alikuwa ameketi kizingitini akiyapepeta kwenye ungo. Alikuwa bado anaegemea upande mmoja. Joy alikuwa ndani na nyanya yake, sauti yake inasikika.

Wabwile alitarajia kufukuzwa. Badala yake Khisa akaegemeza fimbo begani, akamkaribisha, akamvutia kiti.

"Kaa, shemeji. Tumeongea na wazee juu ya hiyo mambo yako," akasema. "Edinah alituambia ni jina. Wazee wanasema hiyo kitu iko. Jina la mtu mbaya inaweza kusumbua mtu. Inaoshwa. Utaleta kondoo, tuchinje, tukupake yale majani ya tumboni mwake, tukupatie jina ingine, na bibi yako anarudi. Hata leo anaweza rudi. Hakuna mtu anakulaumu, bana. Hiyo si wewe."

Wabwile akawatazama. Walikuwa watu wema, walikuwa wamefikiria, walikuwa wamemtafutia njia. Alichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa tu, na jioni hiyo angelala Kitale na mkewe kitandani na mtoto chumba cha pili. Alitamani kuitikia. Aliona hata mahali pa kununua kondoo.

Edinah alikuwa ameacha kupepeta. Alikuwa anamtazama kama anayesikiliza kelele ya mbali.

"Hakuna mzee," akasema Wabwile.

"Hatujakuelewa," akasema Khisa.

"Mimi ndiye nimekuwa nikimpiga. Hakuna mtu mwingine ndani. Nilikuwa na akili zangu kila siku nilipompiga. Nilifunga mlango kwanza. Nilichagua mahali pa kupiga ili msione mkija kututembelea. Na Kimeli, nilimpiga mimi pia. Mlete kondoo mia, hakuna kitu cha kuosha."

Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyo: watu hao waliweza kumsamehe mzimu, ila mtu hawakuweza. Khisa alishusha fimbo kutoka begani polepole, uso wake ukibadilika, na Wabwile aliijua sura hiyo kwa kuwa alikuwa ameivaa mara nyingi.

"Rudia," akasema Khisa.

"Nilimpiga mimi."

Fimbo ya kwanza ilimpata shingoni. Ya pili ikamvunja kidole. Mdogo wake Khisa akaja na yake upande wa pili, wakampura kama walivyokuwa wakipura maharagwe, mmoja akiinua mwingine akishusha, wakahema, wakatukana. Akaanguka kwenye turubai. Mikono yake ilikuwa na nguvu za kuwakunja wote wawili na ilitaka kufanya hivyo, akaifungia chini ya tumbo lake, akailalia. Alisubiri ile ganzi ya zamani ije imchukue. Haikuja. Fimbo ziliuma zote, kila moja mahali pake, katika mwili ambao haukuwa na mtu mwingine wa kuupokelea, na Wabwile, mtu mzima mwenye ndevu, akalia kwa sauti akamwita mama yake.

"Inatosha," akasema Edinah.

Hawakusikia. Akainuka, akautupa ungo, akaingia katikati yao na kushika fimbo ya kaka yake ikiwa hewani.

"Khisa, nimesema inatosha. Mbavu zilipigwa ni zangu, si zako."

Wakaacha. Khisa akaenda kando akakaa chini, anaitazama fimbo kana kwamba mtu mwingine ndiye aliyempa. Edinah akachuchumaa mbele ya mumewe. Damu ilikuwa inamtoka puani na kwenye sikio, maharagwe yamemganda shavuni. Hakumgusa.

"Hicho kitu umesema," akamwambia. "Kiseme kwangu. Si kwa hawa."

"Ni mimi niliyekupiga."

Edinah akafumba macho. Alikuwa amekaa na mzee yule nyumbani kwake miaka yote, akimpikia, akimwogopa, akimhurumia mumewe kwa ajili yake. Sasa aliyebaki ni huyu mmoja tu, na ilibidi amtazame upya kuanzia mwanzo.

"Na kesho nikirudi Kitale," akasema, "nitamkuta nani?"

Wabwile alikuwa amekuja kwa ajili ya swali hilo. Alikuwa na majibu mazuri, ahadi alizozipanga njiani kutoka Bokoli, na zote zilikuwa karibu na ulimi. Akajaribu kuketi, akashindwa, akabaki ameegemea kiwiko.

"Mimi," akasema. "Na bado sijui huyo ni mtu wa namna gani. Usirudi, Edinah. Kaa hapa na Joy. Usirudi kwanza."

Aliwahi kumwapia mara nyingi, kwa Biblia, kwa machozi, kwa uhai wa mtoto, na Edinah kila mara alijifanya kukubali. Safari hii alimtazama usoni kwa muda mrefu, na akamwamini.